Je, Mtu wa Hanang Anaweza Kuishtaki Serikali ya Nchi ya Nje?

Bismillahir Rahmanir Rahim

SWALI: Sisi ni wakazi wa Hanang na jirani zetu wa Mbulu. Wazee wa Kibarbaig waliondolewa katika malisho ya Basotu ili ardhi ilimwe ngano kwa msaada wa serikali ya Kanada. Je, mwananchi wa kawaida anaweza kuishtaki serikali ya nje kwa dhulma ya namna hii? Na je, Muislamu anaruhusiwa kudai haki, au kumsaidia asiyekuwa Muislamu kudai haki yake, katika mahakama zisizohukumu kwa Sharia?

JIBU: Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Swali hili lina pande mbili, upande wa sheria za dunia na upande wa dini. Kwa ufupi, dini haizuii, bali inahimiza mwenye kudhulumiwa kudai haki yake na wengine kumsaidia. Sheria za dunia zimeweka ukuta mrefu unaozilinda dola dhidi ya kushtakiwa na watu wa nchi nyingine, lakini ukuta huo una milango michache. Wako Waafrika Mashariki waliopita humo na wako walioikuta imefungwa. Tutaeleza yote mawili, inshaallah, ili anayetaka kuanza safari hii ajue anakokwenda.

Kilichotokea Hanang

Tuanze na kisa chenyewe, maana vijana wengi wa leo wanakisikia kwa vipande.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) lilifungua mashamba makubwa ya ngano magharibi ya Mlima Hanang. Kanada ilitoa fedha, matrekta, mbegu na wataalamu kupitia shirika lake la misaada ya maendeleo (CIDA). Mashamba yalifikia saba, kila moja likiwa na takriban ekari elfu kumi, na ardhi yote iliyochukuliwa ilikaribia ekari laki moja. Kwa aliyekaa ofisini, hiyo ilikuwa ardhi tupu. Kwa Mbarbaig ilikuwa malisho bora kuliko yote aliyokuwa nayo. Mifugo iliingia huko kwa msimu na kutoka, nyasi zikapumzika. Humo pia yalikuwemo makaburi ya wazee wao wakubwa, yale ya vichuguu vinavyoitwa bung'ed, na wafugaji walilalamika kwamba mengine yalipitiwa na majembe ya matrekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa ushindi dhidi ya NAFCO. Furaha haikudumu. Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ile. Ilisema halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba iligawiwa ardhi hiyo, na kwamba wanakijiji waliodai mmoja mmoja hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo. Hebu fikiri, mzee aliyezaliwa pale, na baba yake amezikwa pale, anaambiwa hakuleta ushahidi kwamba yeye ni mwenyeji. Lakini mahakama hupima kilicholetwa mbele yake, na hilo halikuwa limeletwa kwa namna sheria ilivyotaka.

Kisha Tangazo la Serikali Na. 88 la mwaka 1987 likafuta haki za ardhi za kimila katika baadhi ya maeneo ya mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha Mbulu na Hanang. Wabarbaig wengine walifungua shauri jipya mwaka 1988 dhidi ya NAFCO. Kanada ilijiondoa katika mradi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye serikali yetu iliachana na mashamba hayo, sehemu ikarudi kwa wananchi na sehemu ikaenda kwa wawekezaji.

Katika mashauri hayo mdaiwa alikuwa shirika la Tanzania. Kanada, iliyotoa fedha na mitambo, haikuwa kizimbani. Kwa nini?

Ukuta unaoitwa kinga ya dola

Kuna kanuni kongwe katika sheria za kimataifa kwamba dola moja haihukumiwi na mahakama za dola nyingine bila ridhaa yake. Hii ndiyo kinga ya dola. Hoja yake ni kwamba dola zote ni sawa, na aliye sawa nawe hawi hakimu wako. Kwa hiyo mtu akifungua shauri Babati au Arusha dhidi ya serikali ya Kanada kwa jambo ililolifanya kama serikali, pingamizi la kwanza litakuwa hilo, na yaelekea shauri litaishia hapo. Kinga hulegea dola inapofanya biashara kama mfanyabiashara yeyote. Misaada baina ya serikali mbili, jeshi, polisi na magereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi za dola.

Je, hata katika mateso? Ndiyo, mara nyingi hata katika mateso. Sulaiman Al-Adsani, mwenye uraia wa Uingereza na Kuwait, alidai kwamba aliteswa nchini Kuwait mwaka 1991, akaishtaki Kuwait katika mahakama za Uingereza. Alishindwa kwa sababu ya kinga. Akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, nayo Novemba 2001 ikamkatalia kwa kura 9 dhidi ya 8. Februari 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Italia ilikosea kuruhusu wahanga wa jeshi la Ujerumani wa Vita vya Pili vya Dunia kuishtaki Ujerumani katika mahakama za Italia. Mahakama haikusema kwamba hawakudhulumiwa. Ilisema tu kwamba pale hapakuwa mahali pa kushtaki.

Tofauti hii ni muhimu mno. Kinga haifuti dhulma wala haimsafishi aliyedhulumu. Inafunga mlango mmoja tu wa kushtakia, kwa hiyo kazi ya mdai ni kutafuta mlango mwingine.

Mlango wa kwanza: mahakama za nchi hiyo yenyewe

Kinga inailinda dola katika mahakama za wengine. Katika mahakama zake yenyewe hoja hiyo haipo. Njia hii ndiyo waliyopita wazee wa Mau Mau wa Kenya.

Mwaka 2009 wazee kadhaa, miongoni mwao Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso waliyofanyiwa katika kambi za kizuizini miaka ya 1950. Uingereza ilijibu kwamba dhima yote ilihamia kwa serikali ya Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Julai 2011 jaji alikataa kulifuta shauri kwa hoja hiyo. Uingereza ikarudi na hoja ya muda, kwamba nusu karne imepita na mashahidi wamekufa. Oktoba 2012 jaji aliikataa nayo, na sababu kubwa ilikuwa maandishi. Katika kesi hiyo iligundulika kwamba serikali ilikuwa imehifadhi katika jengo la Hanslope Park maelfu ya mafaili iliyoyaondoa katika makoloni yake. Wakoloni waliandika kila kitu, na maandishi yao yakawa shahidi dhidi yao.

Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za mawakili zikiwemo, na kugharamia mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi. Waziri wake alieleza masikitiko bungeni, ingawa serikali haikukiri dhima ya kisheria. Ukigawa fedha hizo kwa vichwa, kila mzee alipata kiasi kidogo. Wengi wao walitaka zaidi kusikia aliyewatesa akisema kwamba waliteswa.

Wengine zaidi ya elfu arobaini wakafungua shauri la pili. Mwaka 2018 lilianguka. Mahakama iliona kwamba kwa madai yao muda ulikuwa umepita mno kiasi kwamba hukumu ya haki isingewezekana. Ni nchi ile ile na kisa kile kile, lakini matokeo mawili tofauti.

Kwa hiyo jibu la moja kwa moja kwa aliyeuliza ni hili: kama Kanada ingeshtakiwa, pa kushtakia palikuwa Kanada kwenyewe, mapema, wazee wangali hai. Na mdai angepaswa kuthibitisha kwamba serikali ile ilikuwa na wajibu kwa watu wa Basotu, si kwa serikali ya Tanzania peke yake. Huo ni mlima mrefu, na baada ya miaka hamsini umezidi kuwa mrefu.

Mlango wa pili: mshtaki aliyetenda

Pale dola isiposhtakika, huenda mkono iliotumia ukashtakika. Kisa cha ndugu yetu Suleiman Abdullah Salim, Mtanzania wa Zanzibar, ni mfano ulio wazi.

Alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akakabidhiwa kwa Shirika la Ujasusi la Marekani (CIA) na kupelekwa katika gereza la siri nchini Afghanistan, ambako aliteswa. Alishikiliwa takriban miaka mitano bila kufunguliwa mashtaka yoyote. Mwaka 2008 aliachiwa akiwa na karatasi ya jeshi la Marekani inayosema kwamba yeye si tishio kwa nchi hiyo.

Kuishtaki serikali ya Marekani ilikuwa kugonga mwamba, kwani kesi za watu wengine wa hali yake zilikuwa zimefutwa kwa hoja ya siri za dola. Mwaka 2014 kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti yake iliyowataja walioteswa, na Suleiman akiwemo. Oktoba 2015 yeye, mtu mmoja wa Libya na familia ya Gul Rahman, Muafghani aliyefia katika gereza lile la siri, waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu hizo kwa mkataba wa malipo, James Mitchell na Bruce Jessen. Shauri lilifunguliwa Spokane, jimbo la Washington. Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa, pande mbili zilipatana. Masharti ya mapatano ni siri, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa kesi ya mateso ya CIA kufika hatua hiyo bila kufutwa.

Katika mlango huu yamo pia makampuni. Wananchi wa jirani ya mgodi wa North Mara wamewahi kushtaki London na kufikia mapatano mwaka 2015. Wengine walifungua shauri Ontario, Kanada, mwaka 2022 dhidi ya kampuni ya Barrick Gold, wakidai kwamba polisi wanaolinda mgodi huo waliua na kujeruhi watu. Novemba 2024 jaji wa huko alisema mahali pa kusikiliza kesi hiyo ni Tanzania. Upande mwingine, Februari 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada iliwaruhusu wafanyakazi wa Eritrea kuendelea na kesi dhidi ya kampuni ya Nevsun kwa madai ya kazi za kulazimishwa mgodini. Basi mlango upo, ila hauko wazi kwa kila mtu kila siku.

Mlango wa tatu: pale siasa inapoufungua

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wengi walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia, wakiwemo Waislamu. Kuwaua wale ilikuwa dhulma, na hakuna namna ya kuipamba.

Wahanga wa Kimarekani, pamoja na Wakenya na Watanzania waliokuwa wafanyakazi wa balozi hizo na familia zao, waliishtaki Sudan katika mahakama ya Washington kwa madai kwamba iliwahifadhi waliopanga shambulio. Kinga ya dola haikuilinda Sudan, kwa sababu sheria ya Marekani inaiondoa kinga hiyo kwa nchi ambazo Marekani yenyewe imeziorodhesha kuwa zinafadhili ugaidi. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Sudan inaweza kudaiwa hata fidia ya adhabu. Mwaka huo huo Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335, ikaondolewa katika orodha.

Msomaji mwenye busara ataona mizani. Anayedai Sudan amefunguliwa lango. Suleiman, anayedai Marekani, ameambiwa apite uchochoroni. Hatusemi kwamba wahanga wa Dar es Salaam na Nairobi hawakustahiki. Walistahiki. Tunasema haki inayotegemea orodha ya mkubwa ni haki ya nusu. Nasi Waislamu tusianguke katika kosa hilo hilo la kulilia dhulma inapofanywa na tusiyempenda na kuinyamazia inapofanywa na tunayempenda. Allah katika Suratul Maida, aya ya 8, ametukataza chuki ya watu isitupeleke tukaacha uadilifu.

Mlango wa nne: Arusha

Mlango huu ndio ulio karibu zaidi na wa Mbulu na Hanang, na wengi hawaujui. Mahakama ya Afrika Mashariki ina makao yake Arusha. Kwa mujibu wa kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya ya mwaka 1999, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kulalamika kwamba sheria au kitendo cha nchi mwanachama kinakiuka Mkataba, hata kama nchi hiyo si yake.

Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alizuiwa kuingia Uganda katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa kwao bila kupewa sababu. Aliishtaki Uganda. Mei 2013 mahakama ile iliamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba. Raia mmoja wa nchi jirani aliishtaki serikali ya kigeni na akashinda, bila kufika London wala Washington. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Katesh akinyang'anywa mali na askari wa nchi jirani ya Jumuiya, anapo pa kwenda.

Lakini mahakama hiyo ina sharti kali. Shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kutokea au mdai alipokijua. Novemba 2023 shauri la asasi za kiraia dhidi ya Uganda na Tanzania kuhusu bomba la mafuta ghafi lilitupwa kwa sababu ya kuchelewa. Tena Mkataba haujaipa mahakama hiyo rasmi mamlaka ya haki za binadamu. Huzipokea kesi hizo kwa kupitia misingi ya utawala wa sheria iliyomo katika Mkataba.

Arusha hiyo hiyo ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hiyo inahusu nchi za Afrika zilizoikubali. Kanada, Ujerumani na Uingereza hazimo. Tanzania nayo, Novemba 2019, iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

Dhulma ya Mjerumani

Wengine huuliza kuhusu ukoloni wa Kijerumani na vita vya Majimaji. Waherero na Wanama wa Namibia waliishtaki Ujerumani New York mwaka 2017. Mwaka 2019 shauri lilifutwa kwa kinga ya dola, na rufaa ya 2020 nayo ikakataliwa. Lakini tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha. Katika dhulma za zamani kama hizo, mazungumzo baina ya serikali, kurudishwa kwa mabaki ya wazee wetu na kukiri makosa vimefika mbali kuliko mahakama.

Usisahau mlango wa nyumbani

Mara nyingi serikali ya nje haiingii kwako bila kufunguliwa na serikali yako. Hanang, ardhi ilitwaliwa na vyombo vya Tanzania, kwa sheria za Tanzania. Anayeitazama Kanada peke yake anaweza kumwacha mdaiwa aliye karibu.

Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walikuwa wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo ndani ya wilaya ya Mbulu. Januari 1987 walishinda kesi wakarudishiwa ardhi yao ya kimila iliyochukuliwa wakati wa vijiji. Bunge likatunga Sheria Na. 22 ya 1992, iliyofuta haki kama hizo bila fidia na kuwafungia watu milango ya mahakama. Baba na mwana wakaishtaki Serikali kwa kutumia Katiba. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Hukumu hiyo ya wakulima wawili wa Mbulu inawafaa Watanzania wote hadi leo.

Uislamu unatufundisha nini?

Kwanza, dhulma ya ardhi ni katika madhambi makubwa. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Na alipomtuma Muadh Yemen alimuonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani haina pazia baina yake na Allah.

Pili, haki hii si ya Muislamu peke yake. Wabarbaig wengi waliofukuzwa Basotu hawakuwa Waislamu. Hilo halipunguzi chochote. Katika hadithi iliyomo kwa Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) amesema yeye mwenyewe atakuwa mdai dhidi ya anayemdhulumu mtu asiyekuwa Muislamu aliye katika ahadi ya amani.

Tatu, mgeni asiye na ukoo ana haki ya kusikilizwa. Kabla ya Utume, mtu wa kabila la Zubaid kutoka Yemen aliuza bidhaa Makka kwa Al-As bin Wail, mkubwa wa Kiquraishi, akanyimwa malipo. Hakuwa na ukoo wa kumtetea, na koo za Makka zilimlinda mtu wao. Akapaza sauti karibu na Kaaba. Baadhi ya wakuu wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakala kiapo cha kumsaidia kila mwenye kudhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Mtume wetu alihudhuria akiwa kijana, na baada ya Uislamu alieleza kwamba lau angeitwa tena katika kiapo kama kile angeitika. Waliokula kiapo walikuwa washirikina, na lengo lilikuwa haki ya mgeni. Ni dalili iliyo wazi ya kushirikiana na yeyote katika kuondoa dhulma.

Nne, kufika mbele ya hakimu asiyekuwa Muislamu. Maquraishi walipotuma wajumbe Uhabeshi wawarudishe Waislamu waliohamia huko, Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alisimama mbele ya Najashi, wakati huo mfalme wa Kikristo, akaeleza shauri lao na wakapata haki yao. Kwa msingi huu na wa dharura, wanazuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha kudai haki katika mahakama za kiserikali pale ambapo hapana njia nyingine ya kuipata, kwa sharti mdai asichukue zaidi ya haki yake hata akipewa. Hadithi ya Ummu Salama (r.a.) katika Bukhari na Muslim inatuonya kwamba anayepewa kwa ufasaha wa maneno haki isiyo yake amepewa kipande cha moto.

Tano, hata dola ya Kiislamu ilishtakiwa na watu wa nje. Watu wa Samarkand walimlalamikia Khalifa Umar bin Abdul-Aziz (aliyetawala 99 hadi 101 Hijria) kwamba jeshi la Qutaiba bin Muslim liliuingia mji wao kwa hila. Umar hakusema kwamba dola haishtakiwi. Aliamuru kadhi ateuliwe, naye akahukumu kwamba Waislamu watoke mjini warudi kambini mwao. Watu wa Samarkand, walipoona uadilifu ule, waliridhia hali ibaki ilivyo.

Sita, suala la muda. Katika fiqhi, haki haifi kwa kupita miaka. Majalla, mkusanyiko wa sheria wa dola ya Uthmaniyya, ilimzuia kadhi kusikiliza madai mengi yaliyopita miaka 15, lakini ikatamka kwamba haki yenyewe haidondoki kwa muda kupita. Mbele ya Allah haki haiozi, ila kesi mahakamani huoza.

Afanye nini aliyedhulumiwa?

Haya ni kwa kila ndugu wa Hanang, Mbulu na kwingineko:

1. Andika mapema. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni, basi dhulma ina haki zaidi ya kuandikwa. Weka tarehe, mahali, majina ya mashahidi, picha, stakabadhi za hospitali na namba ya taarifa ya polisi. Kama kuna wazee wanaokumbuka mipaka na makaburi ya Basotu, maelezo yao yachukuliwe sasa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Mzee akifa, ushahidi wake huzikwa naye.

2. Jua muda wako. Mahakama ya Afrika Mashariki ni miezi miwili. Kwa sheria za Tanzania, madai ya madhara ni miaka 3, ya ardhi miaka 12. Na kabla ya kuishtaki Serikali yetu unatakiwa kutoa notisi ya siku 90.

3. Tambua mdaiwa sahihi. Ni serikali ya nje, ni kampuni, ni mtu, au ni Serikali yako? Binti wa Mbulu aliyenyang'anywa pasipoti na mwajiri wake Ghuba, mdaiwa wake ni mwajiri, kupitia ubalozi wetu na mahakama za kazi za huko. Hamshtaki mfalme wala sultani.

4. Tafuta msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na asiye na uwezo anaweza kusaidiwa bila malipo. Jihadhari na anayekuomba fedha za kukuandikisha katika kesi ya Ulaya usiyoionyeshwa karatasi zake.

5. Nendeni pamoja. Wazee wa Mau Mau walikuwa maelfu, na nyuma yao walikuwepo wanahistoria na mawakili. Msikiti, kanisa na mabaraza ya wazee wa Kibarbaig na Kiiraqw vinaweza kukaa meza moja kwa jambo hili.

6. Msikatae sulhu yenye haki. Suratun Nisaa, aya ya 128, inaitaja sulhu kuwa ni kheri. Fidia ikipatikana kwa aliyekwisha kufa, igawiwe warithi kwa mujibu wa Sharia, wala asiitwae mtoto mmoja aliyekuwa akihudhuria mahakamani.

Hitimisho

Kwa wazee wa Basotu, mlango wa kuishtaki Kanada kwa yale ya miaka ya 1970 umebanwa sana, na si uadilifu kuwapa watu matumaini tusiyoweza kuyatimiza. Ila kudai kumbukumbu, kuheshimiwa kwa makaburi na haki katika ardhi iliyobaki bado kuna nafasi, kwa sheria zetu wenyewe na kwa mazungumzo. Dhulma itakayotokea kesho ndiyo yenye kesi ya kushinda, iwapo itaandikwa leo na kufikishwa panapostahili kwa wakati wake.

Na haki isiyopatikana hapa haijapotea. Iko Mahakama ambayo hapana dola yenye kinga mbele yake, wala shahidi aliyekufa, wala muda uliopita. Tunamuomba Allah awape subira na haki waliodhulumiwa, atuepushe sisi kuwa madhalimu au wasaidizi wao. Amin.

Wallahu A'lam.